Vyungu Kumi na Vinne vya Bi Lindner

Jumatatu, 8 Januari

Nimenunua kopo la kumwagilia maua. La kijani, la plastiki, mdomo mrefu. Miezi mitatu nimetafuta kopo la chooni katika mji mzima wa Magdeburg nisilipate. Watu hawa wametengeneza mashine ya kila kitu, ila chooni wanaingia na karatasi. Chupa ya soda niliyokuwa nikitumia imepasuka kwa baridi, niliisahau nje ya dirisha. Kopo la maua ndilo jawabu. Sijui kwa nini hakuna aliyeligundua kabla yangu.

Fasih anasema kila Mpakistani aliyeko Ujerumani analo. Fasih hapendi mtu mwingine agundue kitu.

Fasih Zuberi ndiye ninayeishi naye. Mtu wa Karachi. Anasoma uhandisi kama mimi, anakunja soksi zake kama barua, na anaongea Urdu ya vitabuni. Mimi, Gondal, ni mtu wa Mandi Bahauddin, Punjab. Kwetu tunaongea tu. Yeye huninyamazia, halafu husahihisha.

Ngazini nikakutana na Bi Lindner wa ghorofa ya kwanza. Sabini na kitu, nywele nyeupe amezikata kama askari. Mpaka leo tulikuwa tunaamkiana tu. Kila tukikaanga vitunguu, yeye hutoka akafungua dirisha la ngazini, hata nje kukiwa na theluji. Nilikuwa nimeichukulia hiyo kama vita.

Akalitazama kopo. Uso ukafunguka. Akaniuliza kama napenda maua.

Kijerumani changu kinafika dukani na kurudi. Ningeweza kusema kweli, lakini maneno yake sikuyajua, na hata ningeyajua, si ya kumwambia mwanamke wa umri wa bibi yangu katikati ya ngazi. Nikasema, "Ndiyo. Maua. Sana."

Nilipofika mlangoni kwetu nilikuwa na ufunguo wa nyumba yake mkononi. Anakwenda Halle kwa dada yake kesho, anarudi Jumapili. Vyungu kumi na vinne.

Jioni, Fasih akaniuliza kama nimejisajili kwa mitihani. Nikamwambia jina langu litakuja. Akauliza litatoka wapi. Kwetu chuo ndicho kinachoandika majina, namba inakuja, unakwenda unakaa kwenye kiti chako. Kumbe hapa mtu anajisajili mwenyewe kwenye tovuti, na siku ya mwisho ni Ijumaa hii. Usipojisajili, hukai. Usipokaa, muhula umekwenda na maji.

Nikafungua tovuti. Imekataa neno langu la siri. Nikajaribu mara tatu, ikajifunga kabisa.

Fasih akasema ni jambo dogo, niende ofisi ya mitihani kesho, dirisha namba mbili, na akajitolea kunisindikiza. Nikasema nitaona. Kwenda na Fasih ni kumpa hadithi ya kusimulia mpaka tutakapohitimu.

Jumanne, 9 Januari

Sikwenda ofisini. Sababu ninayo, tena nzuri.

Asubuhi, Fasih akipaka siagi mkate wake kwa kipimo, akasema kwa kupitia tu kwamba Bi Lindner alifanya kazi chuoni kwetu. Nikauliza idara gani. Ofisi ya mitihani, akasema. Miaka thelathini na mmoja.

Nikaweka kikombe chini.

Kwetu hakuna anayekwenda dirishani kwa miguu yake mwenyewe. Dirishani wanakwenda wasio na mtu. Wenye akili wanatafuta mtu wa ndani kwanza, wanamsalimia, wanamuulizia watoto, shida inajitatua. Hata kuku wa babu yangu walipochanjwa, tulikuwa na mtu wetu pale idara ya mifugo. Na mimi, bila kutafuta, nimepewa ufunguo wa nyumba ya mtu aliyefanya kazi ofisi hiyo miaka thelathini na mmoja.

Fasih akasema mama huyo amestaafu miaka minane sasa. Nikamwambia mstaafu ndiye mwenye nguvu zaidi, maana waliobaki aliwafundisha kazi yeye. Akaniangalia kama anavyoziangalia soksi zangu.

Mpango ni huu. Nitamwagilia maua yake vizuri kiasi kwamba akirudi machozi yatamtoka. Halafu nitamtajia shida yangu kwa mbali. Atainua simu. Basi.

Ni kweli kwamba yeye anarudi Jumapili na mwisho wa kujisajili ni Ijumaa. Hilo ni dogo. Mtu mwenye nguvu hasumbuliwi na tarehe.

Nikampigia mama kumuuliza kuhusu maua, maana pale uani kwetu ana mawaridi na mirehani. Akasema, "Mwanangu, maua ya mtu mzima usiyaache na kiu. Utaulizwa." Nimemwagilia vyungu vyote kumi na vinne mpaka maji yakasimama juu.

Jumatano, 10 Januari

Nyumba ya Bi Lindner ni ya ajabu. Nimekaa humo saa nzima, na kumwagilia kulichukua dakika kumi.

Ukutani jikoni kuna ubao wenye nyundo, koleo na mikasi, na nyuma ya kila kifaa amechora umbo lake kwa kalamu, ili kila kimoja kijue kwake. Nikaitoa mikasi nikairudisha. Ilikaa sawasawa kama mtu aliyelala kitandani kwake. Nimefikiria sana jambo hili. Kwetu nyundo ni moja kwa mtaa mzima, na kila anayeihitaji anajua kwa nani imelala. Sijui ipi ni akili zaidi.

Chooni nilichungulia kwa utafiti tu. Karatasi. Roli kumi na mbili, zimepangwa kama matofali.

Kila chungu kina kijiti chenye kikaratasi, maandishi madogo ya kalamu ya risasi. Nadhani ni majina ya maua. Katikati ya dirisha kuna dungusi, lile la miiba, nene kama mkono wa mpiga mieleka. Nililipa maji zaidi kuliko mengine kwa kulihurumia. Limetoka jangwani, liko ugenini kama mimi.

Chuoni, profesa akamaliza somo na darasa zima likagonga meza kwa vifundo vya vidole. Oktoba nilidhani ni maandamano, nikainuka kutoka. Kumbe ndiyo shukrani yao. Leo nikagonga na mimi, kwa nguvu. Nikajiona mwenyeji.

Fasih akauliza kama nimepita ofisini. Nikamwambia mambo yanakwenda. Akasema ofisi iko hatua mia tatu kutoka darasani. Nikamwambia hatua si tatizo.

Alhamisi, 11 Januari

Dungusi limelegea.

Nililigusa kwa kalamu, kalamu ikaingia. Chini limekuwa jeusi, juu limeinama kama mzee anayesinzia msikitini. Maji yametiririka kwenye ubao wa dirisha, rangi imevimba.

Nikapanda juu nikaazima mashine ya Fasih ya kukaushia nywele bila kumsumbua kwa kumwambia. Nikakausha ubao, nikakausha udongo, nikalikausha na dungusi lenyewe. Likatoa harufu ya bamia iliyochacha. Halafu likalala kabisa.

Fasih akashuka kufuata mashine yake. Akasimama mlangoni. Akaenda moja kwa moja dirishani, akachomoa kile kijiti, akakisoma, akanitafsiria taratibu kama anayemsomea mtu hukumu.

"Usimwagilie hadi Machi."

Akasoma na vingine. Havikuwa na majina hata kimoja. Mara moja kwa wiki. Kikombe kimoja cha kahawa. Huyu ni mgonjwa, mwache. Kumi na vitatu vilionekana vitapona, akasema, ila dungusi ni la kuzikwa.

Nilitarajia acheke. Alikunja mikono ya shati akanisaidia kumwaga maji ya vyungu vyote kwenye ndoo. Akaniambia hata yeye, mwezi wake wa kwanza hapa, alipanda tramu ya upande usiofaa mpaka mwisho wa reli, na badala ya kuuliza mtu alitembea saa mbili kurudi, kwa sababu aliona haya na Kijerumani chake. Sikujua Fasih ana haya. Nilidhani ana soksi tu.

Kisha akaharibu. "Gondal, kesho ndiyo mwisho. Ijumaa wanafunga saa sita mchana. Nenda asubuhi, kaka. Tafadhali."

Nikamwambia kwanza dungusi. Mtu anayetegemea mkono wa mtu hawezi kuupokea huku ameua mmea wake. Akashusha pumzi akaenda zake.

Ijumaa, 12 Januari

Nimelipata dungusi.

Nilitoka saa mbili asubuhi. Duka la kwanza walikuwa na maua ya kukatwa tu. La pili walikuwa na madungusi ya ukubwa wa dole gumba. Theluji ikaanza. Muuza maua mmoja akanielekeza kwenye bustani ya kuuzia miche ng'ambo ya Elbe, nikapanda tramu mbili na nikatembea ukingoni mwa mto na upepo ukinisoma mifupa. Njiani nilikutana na wazee wawili wanatembea bila kwenda popote. Nimewauliza. Walisema wanatembea. Nikauliza wapi. Wakatazamana, wakasema wanakwenda mpaka darajani, halafu wanarudi. Nimeliandika hili nilifikirie baadaye.

Bustanini, dungusi lilelile, nene, refu. Nililifunika kwa koti langu ili lisipigwe na baridi. Miiba ilipita shati. Fasih alinitumia ujumbe saa nne. Saa tano. Saa tano na nusu aliandika neno moja tu, "Uko?" Sikuweza kujibu, mikono yote ilikuwa imeshika dungusi.

Nilipofika chuoni, dungusi kifuani, ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Mlango wa ofisi ya mitihani ulikuwa umefungwa. Korido nzima imetulia, taa zinajizima zenyewe nikisimama bila kutikisika. Nilisimama bila kutikisika muda mrefu.

Mama alipiga mchana. Akauliza nimekula nini. Nikasema pilau, na nilikuwa na kipande cha mkate mkononi. Akauliza mitihani. Nikasema kila kitu tayari, jina langu limeandikwa. Akasema amemwambia jirani yetu, mama Shabnam, na mama Shabnam amewaambia wa msikitini wote waniombee. "Chumba chako sijamruhusu mtu alale. Kitanda kimetandikwa tu," akasema. Nikamwambia simu inakatika. Ilikuwa haikatiki.

Nimekaa na dungusi mpya mapajani. Kwa mara ya kwanza nimeogopa.

Jumapili, 14 Januari

Bi Lindner amerudi alasiri. Nilimpokea begi mlangoni kwa adabu zote za Punjab. Akakagua vyungu kimoja kimoja, vidole udongoni. Nilijua kumi na vitatu viko salama.

Akafika kwenye dungusi. Akavaa miwani.

"Hili lina mkono," akasema.

Ni kweli. Ubavuni kulikuwa na kichipukizi kama kidole. Sikuwa nimekiona, kwa kuwa upande huo ndio ulionichoma.

Wajerumani wana silaha moja ambayo haijaandikwa popote. Wanaweza kunyamaza. Kwetu mtu akinyamaza, mwingine anajaza. Atauliza afya, ataagiza chai, atakohoa. Bi Lindner alinitazama tu, miwani puani, wala hakukasirika. Alikuwa anataka kujua. Nilivumilia labda sekunde kumi.

Nikasema yote. Kijerumani kilipoisha nikatumia mikono. Dungusi, mashine ya nywele, ubao wa dirisha, duka ng'ambo ya mto. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali nililokuwa naliombea lisije. Kama sijui maua, kopo nilinunua la nini?

Nikamwambia.

Akakaa kitini. Nikajua ufunguo utaombwa sasa hivi. Badala yake akaniuliza maswali mawili ya ufundi. La kwanza, kuhusu joto la maji wakati wa baridi. La pili, kuhusu namna ya kulenga. Nilijibu kwa kadiri ya adabu. Akasema, "Kumbe. Ina akili." Akasema miaka yote hii alikuwa akiona wanafunzi wa kwetu wakipanda ngazi na makopo ya maua, na akashangaa mbona madirishani kwao hamna hata jani.

Na lile dirisha la ngazini? Nikauliza kwa kuwa siku ilikuwa ya kuulizana. Akashangaa. Anafungua kila siku, akasema, asubuhi na jioni, tangu mwaka 1974, hewa lazima ibadilike. Harufu ya vitunguu vyetu humfanya aone njaa. Nikafikiria miezi mitatu ya kukunja uso ngazini bure.

Hapo nikaona mlango umefunguka. Nikamweleza habari ya mitihani. Nikamwambia najua miaka yake thelathini na mmoja, najua hakosi mtu pale. Simu moja tu.

Uso ukafunga tena. Akasema katika miaka hiyo yote hakuwahi kupiga simu hata moja ya namna hiyo, hata kwa mtoto wa dada yake. "Dirisha liko wazi kwa kila mtu. Kwa nini hukwenda?"

Nilitafuta jibu kweli. Nikasema kwetu dirisha huwa haliko wazi hivyo.

Akatikisa kichwa polepole. Akaniagiza nilete barua zangu. Ninazo, ndani ya sanduku la viatu, zote na bahasha zake. Nilidhani ni matangazo. Akazipasua kwa kisu cha siagi, moja baada ya nyingine, na akaikuta. Chuo kilinitumia neno jipya la siri. Tarehe 18 Desemba.

Akasema kuna fomu ya waliochelewa, na maombi hupokelewa ndani ya siku tatu za kazi. Lazima niende mwenyewe na niseme ukweli. Kesho anapita upande huo kwa daktari wa meno. Ataketi koridoni, lakini hatasema neno.

Jumatatu, 15 Januari

Dirisha namba mbili. Watu watatu mbele yangu. Nilivaa suti ya harusi ya kaka yangu. Bi Lindner aliketi kwenye benchi koridoni na chupa yake ya chai, akimenya tufaha.

Fasih alikuja pia. Sikumwalika. Alisema alikuwa anapita. Ofisi ile haiko njiani kwenda popote.

Ndani, bibi mwenye sweta ya bluu akauliza sababu ya kuchelewa. Nilikuwa nimetunga sababu tatu njiani, moja ikiwa na hospitali. Nikageuka nikamwona Bi Lindner kwa mlango uliofunguka nusu. Hakuniangalia hata. Anamenya. Ganda linashuka refu, halikatiki.

Nikasema, "Sikufungua barua. Nilidhani ni tangazo."

Bibi wa sweta akasema mimi ni wa nne leo. Akanipa fomu. Akapiga muhuri. Dakika sita kwa saa ya ukutani. Mitihani miwili nimeandikwa. Wa tatu, wa joto na nishati, nafasi zimejaa na siku tatu haziuhusu, nitaufanya majira ya joto. Kujisajili kunafunguliwa Mei. Akasisitiza mara mbili. Mei, mwenyewe, kwenye tovuti.

Nje, Fasih akanipiga begani, akasema kwa Kipunjabi kibovu kabisa kwamba nimefanya vyema. Sikumsahihisha. Bi Lindner akagawa tufaha mapande matatu kwa kisu, sawa kwa sawa, akaenda kung'olewa jino.

Nilimpigia mama nikamwambia kweli: miwili sasa, mmoja baadaye. Akasema mama Shabnam hana haja ya kuambiwa hesabu hizo. Halafu akauliza nimekula nini.

Jumatano, 17 Januari

Nimelifikiria jambo lote kwa utulivu.

Fasih anashikilia kwamba Bi Lindner hakufanya chochote. Anasema nilikwenda dirishani kwa miguu yangu, nikasema kweli, nikapewa fomu ambayo angepewa yeyote. Anasema ndilo fundisho. Alitumia neno hilo kabisa, fundisho, huku akikunja soksi.

Maskini. Karachi wanasoma sana lakini hawaoni. Nilimuuliza maswali machache. Bibi wa sweta, dawati lake linatazama wapi? Mlangoni. Mlango ulikuwaje? Nusu wazi. Nani alikuwa ameketi pale, anaonekana waziwazi, miaka thelathini na mmoja ya kazi mgongoni? Na alisema nini? Hakusema kitu.

Mtu mdogo hupiga simu. Mtu wa kati huandika barua. Mkubwa hasa huketi tu akamenya tufaha, na mihuri inagongwa. Sijawahi kuona kushikwa mkono kwa kiwango kile, hata Lahore.

Fasih akasema anakwenda kulala, na ilikuwa saa kumi alasiri.

Leo nimempelekea Bi Lindner sahani ya chapati na dali ya dengu. Akanifunza kukata majani makavu. Amesema nikitaka nishuke kila Jumatano. Nikakubali haraka. Uhusiano kama huu lazima utunzwe.

Kuna barua mpya mbili kwenye sanduku la posta. Nimeziweka na bahasha zake pamoja na nyingine, ndani ya sanduku la viatu. Kujisajili ni Mei. Fasih ameshaiandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni kwa wino mwekundu, akazungushia duara, akaandika jina langu.

Nimemwambia asijisumbue. Sina haraka. Nina mtu.